Kufinyanga sanamu ya Cybele kwa somo la historia

Mwalimu wa Kigoma anaweza kuwaonyesha wanafunzi Cybele, Mama wa Miungu wa Frigia (nchi ya kale katika Uturuki ya leo), kwa udongo wa mfinyanzi kilo mbili tu. Changanya sehemu nne za udongo na moja ya vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa. Udongo mtupu hupasuka ukikauka.

Finyanga kiti cha enzi, kisha mwanamke aliyeketi, kimo sentimita 20. Komba ndani kupitia chini, ukuta ubaki sentimita moja na nusu. Alama ndizo za kushughulikia hasa: taji lenye minara ya ngome, bakuli bapa la tambiko mkono wa kulia, tari kushoto, simba wawili ubavuni. Ukiacha simba na tari, atadhaniwa ni Demeter, mungu wa kike wa nafaka wa Wagiriki.

Viungo vikwaruze pande zote, paka uji wa udongo, ndipo ubandike, la sivyo simba hudondoka. Anika kivulini siku kumi, masika zaidi. Iguse kwa shavu: ikiwa baridi bado ina maji, na motoni italipuka.

Sanamu inapoendelea kukauka, fundisha kuhusu jiwe jeusi lililoabudiwa kama Cybele, lililopelekwa Roma mwaka 204 KK, wakati wa vita na Hannibal, jemadari wa Karthago. Hekalu lake kwenye kilima cha Palatine mjini Roma lilizinduliwa mwaka 191 KK.