Somo: Gemu za PS1 zikigoma kwenye PSP, tafuta kwanza inafia wapi

Somo hili ni la wenye PSP (mashine ya Sony ya kuchezea gemu mkononi) waliogeuza CD zao za PlayStation ya kwanza (PS1) kuwa EBOOT, yaani faili ya gemu ambayo PSP inaifungua, wakaziweka kwenye memori kadi, na gemu ikagoma kucheza au ikaganda njiani. Sifundishi kuweka CFW hapa, yaani famuwea (programu ya msingi ya mashine) iliyorekebishwa na watu wasio wa Sony. Nachukulia unayo tayari, iwe 6.60 PRO, 6.61 ME, ARK-4 au hata ile 5.00 M33 ya wazee. Na CD ni zako. Viungo vya kupakulia gemu usiniombe.

Tuelewane jambo moja kabla ya kuanza. Gemu ya PS1 kwenye PSP haiendeshwi na emuleta iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu. Inaendeshwa na POPS, programu ya Sony wenyewe iliyoingia kwenye famuwea 3.00 mwaka 2006 ili gemu za PS1 walizokuwa wanaziuza mtandaoni zichezeke mkononi. Nguvu nayo si tatizo: prosesa za mashine zote mbili ni za ukoo wa MIPS, ya PS1 inakwenda karibu MHz 34 na ya PSP inafika 333. Kwa hiyo gemu ikigoma, mshukiwa namba moja ni faili uliyoitengeneza wewe kwenye kompyuta. Mtu anayekimbilia kubadilisha matoleo ya POPS kabla ya kukagua faili yake ni kama fundi anayefungua injini kabla ya kuangalia kama tangi lina mafuta.

Hatua ya 1: Tazama inafia wapi

Washa gemu na uwe macho. Inakufa kwenye menyu, kabla hata hujabonyeza X? Inakufa ukishabonyeza, skrini ikawa nyeusi na nembo ya PlayStation haikutokea? Inapita nembo halafu inanyamaza? Au inacheza vizuri mpaka mahali fulani, kisha inaganda palepale kila mara? Hayo ni magonjwa manne tofauti na dawa zake hazifanani. Ukiuliza "haichezi, nifanyeje" bila kusema inafia wapi, utapewa majibu kumi na yote yatakuwa ya kubahatisha.

Hatua ya 2: Inayofia kwenye menyu

Hapa ni mambo madogo madogo. Faili lazima iitwe EBOOT.PBP na ikae ndani ya PSP/GAME, kwenye folda yake yenyewe. Kwa Metal Gear Solid ya Marekani, kwa mfano, njia kamili ni PSP/GAME/SLUS00594/EBOOT.PBP. Wengi wakifungua zipu wanajikuta na folda ndani ya folda, na PSP haiendi kuchungulia huko chini.

Ukiona maandishi "Corrupted Data" mahali pa ikoni, au ukibonyeza ukapata kosa namba 80020148, kwanza hakikisha CFW inafanya kazi. Kwenye PSP 3000 na baadhi ya 2000, CFW isiyo ya kudumu huondoka ukizima mashine kabisa au betri ikiisha. Endesha tena ile Fast Recovery (programu ya kuirudisha CFW), kisha jaribu. Kuilaza tu hakuiondoi, ndiyo maana kuna watu wanacheza wiki nzima bila shida na siku moja asubuhi gemu zote "zimeharibika". Hazijaharibika.

Kama CFW ipo na ni gemu moja tu inayosumbua, nakili upya na utoe kadi kwa utaratibu, usiichomoe tu. Lakini kama gemu za mwanzo zinacheza na za mwisho zote zinaonekana mbovu, shuku kadi yenyewe. Kadi feki zimejaa madukani: imeandikwa GB 32 kumbe ndani haifiki hata robo, na inakubali kuandikiwa bila kulalamika huku ikifuta za zamani au ikitupa za mwisho. Ipime kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kwenye kompyuta. Inachukua muda mrefu, lakini ikimaliza huna tena cha kubahatisha.

Hatua ya 3: Inayofia kabla ya nembo, au mara tu baada yake

Hapa ndipo kesi nyingi zilipo, na hapa nitakaa kidogo.

CD ya PS1 ina sekta za baiti 2352 kila moja. Nakala nzuri huhifadhi baiti zote hizo. Ndiyo faili ya BIN inayokuja na CUE yake, faili ndogo ya maandishi inayoorodhesha traki za CD. Sasa kuna programu zinazotengeneza ISO ya kawaida ya data, ambayo inachukua baiti 2048 tu katika kila sekta na kutupa zinazobaki. Kwa CD ya hati za ofisini hakuna hasara. Kwa PS1 ni balaa, kwa sababu sauti za gemu nyingi, zikiwemo za video za utangulizi, zimehifadhiwa kwenye sekta za aina nyingine, zenye baiti 2324 za data. Ukizikata zifike 2048, gemu inafungua, inatafuta video ya mwanzo, inakuta makapi, inaganda.

Kujua ni rahisi na huhitaji programu yoyote. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, soma ukubwa kwa baiti (si kwa MB). Gawanya kwa 2352. Tuseme umepata baiti 352,800,000: jibu ni 150,000 kamili, hiyo ni nzima kwa umbo. Jibu likiwa na desimali, ama ni ISO iliyokatwa, ama nakala haikufika mwisho. Jaribu kugawa kwa 2048. Ikigawanyika sawasawa hapo, umeshamjua mwizi. Usihangaike kuibadilisha jina kutoka .iso kwenda .bin. Kilichotupwa hakirudi kwa kubadilisha jina. Rudi kwenye CD, uisome upya kwa ImgBurn. Rangi nyeusi ya CD za PS1 isikutishe, drevu ya kawaida ya kompyuta inazisoma.

Kama CUE yako inataja BIN nyingi, yaani traki 01, 02, 03 na kuendelea, usiipe PSX2PSP (programu ya kompyuta ya kugeuza kuwa EBOOT) ile ya kwanza peke yake. Ziunganishe kwanza kwa CDmage au binmerge, ndipo ugeuze.

Mtego wa pili ni wa gemu za Ulaya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, CD nyingi za huko zilifungwa kwa kinga iitwayo LibCrypt: namba ya siri ya biti 16 imefichwa pembeni ya data ya kawaida, mahali ambapo BIN na CUE haviandiki. Final Fantasy IX, MediEvil na Spyro: Year of the Dragon za Ulaya zote zinayo. BIN yako inaweza kuwa nzima, hesabu ya 2352 ikakubali, na gemu bado ikaishia skrini nyeusi kwa sababu imetafuta namba yake ikaikosa. Dawa yake ni faili ya kiraka ya PPF ya gemu hiyohiyo na toleo hilohilo, unayoiweka kwenye BIN kwa PPF-O-Matic kabla ya kugeuza. Kiraka cha toleo la Kijerumani hakitibu la Kiingereza.

Hatua ya 4: Inacheza lakini haina muziki

Sauti za risasi na breki unazisikia, muziki hakuna. Gemu kama Ridge Racer, Wipeout na Rayman zimeweka muziki kama traki za CD ya kawaida, zile ambazo hata redio ya CD ingezicheza. PSX2PSP haibebi traki hizo kwa namna POPS inavyozitaka; EBOOT rasmi za Sony zina muziki huo umegeuzwa kuwa ATRAC3. Tumia pop-fe, programu nyingine ya kugeuza, inafanya kazi hiyo yenyewe. Kwa gemu za aina hii haina mpinzani.

Hatua ya 5: Inayoganda katikati

Fuata mpangilio huu. Bonyeza Home ndani ya gemu, ingia mipangilio mingine, tafuta Disc Load Speed na uirudishe Normal. Fast inapunguza kusubiri, ila kuna gemu zinazochanganyikiwa data ikija mapema. Bado? Geuza upya bila kukandamiza: kwenye PSX2PSP weka kiwango 0 badala ya 9. Faili itavimba, lakini memori kadi za leo zina nafasi. Video zinazokatakata mara nyingi zinapona hapo.

Sasa ndiyo popsloader, plagini (programu ndogo ya nyongeza) inayokuwezesha kuchagua toleo la POPS. Weka popsloader.prx ndani ya seplugins, na kwenye pops.txt andika ms0:/seplugins/popsloader.prx 1. Hakikisha umechukua toleo linalolingana na famuwea yako, na folda yake ya moduli iwe kamili. Shikilia R wakati unawasha gemu, utaona orodha ya matoleo ya POPS. Anza na lililo ndani ya mashine, kisha shuka: 4.01, 3.90, 3.72, na kuendelea. Kila ukibadilisha, fika palepale ilipoganda kabla ya kusema imepona. Na weka kando nakala ya folda ya SAVEDATA kabla hujaanza majaribio haya.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Gemu yangu ya mbio inafunguka vizuri ila naiona nzito, kama magari yanatembea kwenye matope. Zamani bandani ilikuwa inakimbia. Nimejaribu POPS zote.

Jibu: Tazama kodi ya gemu, yaani namba yake ya utambulisho kama ile SLUS00594. Ikianza na SLES au SCES ni ya Ulaya, na televisheni za Ulaya zilikuwa za picha 50 kwa sekunde. Za Marekani (SLUS, SCUS) na za Japani (SLPS, SCPS, SLPM) ni 60. Watengenezaji wengi hawakusumbuka kurekebisha mwendo, kwa hiyo gemu ileile Ulaya inatembea kwa tano ya sita ya mwendo wake. POPS haina kosa hapo. Pengine ya bandani ilikuwa ya Marekani. Tafuta CD ya Marekani.

Swali: Kaka, nimegeuza upya gemu kama ulivyosema, imeacha kuganda, lakini sevu zangu zote zimepotea! Nilikuwa mbali sana.

Jibu: Hazijapotea, pole kwa mshtuko. POPS inaweka sevu kwenye PSP/SAVEDATA, ndani ya folda yenye kodi ya gemu, kwenye faili za SCEVMC0.VMP na SCEVMC1.VMP, hizo ndizo memori kadi zako mbili. Uligeuza kwa kodi nyingine, ikafunguliwa folda mpya tupu. Angalia folda ya zamani inaitwaje, geuza tena ukiandika kodi ileile, utazikuta. Kwa gemu za CD zaidi ya moja, PSX2PSP inaingiza mpaka tano kwenye EBOOT moja, na kodi kuu iwe ya diski ya kwanza. Ukizigeuza kila moja kivyake, diski ya pili haitaona sevu za ya kwanza.

Swali: Na hiyo Metal Gear Solid uliyoitaja, yangu imekwama. Kanali anasema namba ya redio ya Meryl iko nyuma ya kasha la CD. Nimetafuta kwenye vitu vyote nilivyookota ndani ya gemu, hakuna. Ni EBOOT mbovu?

Jibu: EBOOT yako nzima kabisa! Anamaanisha kasha lenyewe la plastiki lililouzwa dukani, kuna picha ndogo nyuma inayoonyesha namba. Ni 140.15. Sisi tuliocheza kwa CD zilizofungwa kwenye karatasi tuliteseka na hilo enzi hizo.

Swali: Nimegawanya kwa 2352, ikatoka kamili. Gemu ni ya SLUS, kwa hiyo si LibCrypt. Bado skrini nyeusi kabla ya nembo. CFW ipo, gemu nyingine zinacheza.

Jibu: Vizuri, umebakisha mambo mawili. Hesabu inathibitisha umbo, haithibitishi kila baiti; CD yenye mikwaruzo inaweza kusomwa ikatoa faili ya ukubwa sahihi yenye sekta mbovu ndani. Soma logi ya ImgBurn kama ililalamika kokote. Pili, zima plagini zote kwenye pops.txt kwa kubadilisha 1 iwe 0, popsloader ikiwemo, halafu jaribu tena. Popsloader ya famuwea nyingine inatoa ugonjwa huohuo.

Swali: Habari, mimi dada mgeni kwenye mambo haya. PSP haina L2 na R2, nafanyaje? Na Ape Escape inawezekana?

Jibu: Karibu dada. Bonyeza Home, ingia Controller Settings. Kuna mipangilio kadhaa, mingine inahamishia L2 na R2 kwenye kijiti cha analogi. Chagua inayokukaa mkononi. Ape Escape ni kesi nyingine: iliundwa kwa padi yenye vijiti viwili, wavu wa kukamatia nyani unaupiga kwa kijiti cha kulia, na PSP ina kimoja tu. Itawaka, ila hutafika mbali. Bahati nzuri PSP ilipata toleo lake la gemu hiyo mwaka 2005, vidhibiti vikiwa vimepangwa upya. Tafuta hilo.