Kusawazisha mlinganyo wa gesi ya butani, kisha kukokotoa gramu

Butani ikiungua kwa oksijeni ya kutosha hutoa kaboni dayoksaidi na maji:

C4H10 + O2 → CO2 + H2O

Anza na kaboni, fuata haidrojeni, oksijeni iache mwisho kwa sababu iko peke yake upande wa kushoto. Ukiigusa mapema utarudia kazi. Kaboni 4 zinadai 4CO2. Haidrojeni 10 zinadai 5H2O. Sasa hesabu oksijeni za kulia: 8 + 5 = 13. Kushoto zinakuja mbilimbili, kwa hiyo unapata 6.5O2. Usishtuke, zidisha kila kitu kwa 2:

2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O

Kosa linalowaponza wengi ni kugusa namba ndogo za chini. Ukibadili CO2 kuwa CO hujasawazisha chochote. Umeandika gesi nyingine, tena yenye sumu. Unaruhusiwa kuweka namba mbele ya fomula tu.

Tuseme zimeungua gramu 29 za butani. Moli (kipimo cha idadi ya molekuli) moja ya butani, kwa uzito wa atomi wa kaboni 12 na haidrojeni 1, ni 4×12 + 10×1 = gramu 58, kwa hiyo una moli 0.5. Uwiano wa butani kwa CO2 ni 2:8, yaani 1:4, hivyo zinatoka moli 2, sawa na 2 × 44 (yaani 12 + 2×16) = gramu 88. Uwiano huo ni wa moli. Anayezidisha gramu 29 moja kwa moja kwa 4 anapata 116, na amekosa.

Hakiki kwa uwiano huohuo: oksijeni moli 3.25 × 32 = gramu 104, maji moli 2.5 × 18 = gramu 45. Kushoto 29 + 104 = 133; kulia 88 + 45 = 133.