SOMO: Hesabu kwa asiyeona, jinsi ya kusoma na jinsi ya kufundisha

Wakuu habarini. Mimi sioni na nafundisha hesabu shule ya msingi, na nimeshapokea watoto wengi ambao waliambiwa hesabu waachane nayo maana ati ni somo la macho. Sio kweli jamani. Nicholas Saunderson alipofushwa na ndui akiwa na umri wa kama mwaka mmoja tu, na mwaka 1711 akapewa uprofesa wa hesabu pale Cambridge, nafasi ile ile aliyowahi kuishika Newton. Kinachomwangusha mtoto wetu ni kwamba hesabu yote anapewa kwa mdomo, wenzake wanarudia kuangalia ubaoni wanavyotaka, yeye kaisikia mara moja imepita, anabaki kuibeba kichwani huku anaikokotoa huku anahofia kuisahau. Kwaiyo somo langu lote lina lengo moja tu, swali liwe mkononi mwake aweze kulirudia.

Hatua ya 1: namba za nukta nundu (breli), yale maandishi ya kusoma kwa vidole. Kila herufi ni kisanduku chenye nafasi za nukta sita, 1 mpaka 3 kushoto toka juu kwenda chini, 4 mpaka 6 kulia. Alama ya namba ni nukta 3, 4, 5 na 6, ukishaiweka basi herufi a mpaka i zinakua 1 mpaka 9 na j inakua 0. Mtoto akisahau alama ya namba, 5 inasomeka e, mwalimu anaweka kosa wakati jibu mtoto analo. Ila kabla hujaanza uliza shule yenu inatumia mfumo upi. Kuna UEB (Unified English Braille), ambao namba zake ndo hizo nilizoeleza, na kuna ule wa Nemeth, ambao aliubuni Abraham Nemeth, Mmarekani mwanahisabati ambae nae alikua haoni, na kwenye Nemeth namba zinashushwa chini kwenye kisanduku kwaiyo mtoto wa mfumo mmoja akipewa kitabu cha mfumo mwingine anachanganyikiwa kabisa. Shikeni mmoja.

Mkifika aljebra hapa ndo pana mtego. Kwenye UEB ukiandika 2b bila kuweka nukta 5 na 6 kabla ya b, inasomeka 22, maana b baada ya namba ni 2. Ushauri wangu anzeni na x, y na n, hizo hazigombani na namba, a mpaka j muwafundishe baadae wakishakaa sawa.

Hatua ya 2: abakasi, yaani fremu ya kuhesabia kwa shanga. Hapa ndo naomba mtulie. Ile ya wasioona inaitwa Cranmer, ilitoka miaka ya 60, ina nguzo 13, kila nguzo shanga moja juu yenye thamani ya 5 na shanga nne chini za moja moja, na nyuma ina kitambaa kinachozuia shanga zisiteleze ukizigusa. Shanga inahesabika ikiwa imesogezwa kwenye mwamba wa katikati.

Mfano 27 + 18. Nguzo ya makumi sogeza shanga mbili za chini, nguzo ya mamoja sogeza ya juu na mbili za chini, hiyo ni 27. Anza kuongeza 10, makumi yanakua matatu. Sasa ongeza 8 kwenye 7, haitoshi, kwaiyo unaongeza kumi moja na kutoa mbili, yaani makumi yanakua manne na kule kwenye mamoja unarudisha zile mbili za chini inabaki ya juu peke yake. Soma kwa vidole, 45. Mtoto akielewa kwanini anaongeza kumi na kutoa mbili ujue kashaelewa kupandisha makumi vizuri kuliko wengi wanaokariri kuandika kale ka moja juu. Usimpe kikokotoo mapema, nasisitiza, kikokotoo kinampa jibu ila njia haioni.

Hatua ya 3: namna ya kuisema hesabu. Mwalimu anaeona, acha kabisa kusema "hii ukiipeleka huku inakua hivi". Na hata ukitaja kila kitu bado unaweza kumpoteza, mfano ukisema "x jumlisha moja gawanya kwa mbili", je ni x jumlisha nusu, au x jumlisha moja yote inagawanywa kwa 2? Ukiweka x ni 3, ya kwanza ni 3.5 na ya pili ni 2. Darasani kwangu tumekubaliana tunasema "fungua sehemu, kiasi x jumlisha moja, asili mbili, funga sehemu". Mabano hivyo hivyo, fungua na funga, kipeo unasema kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Na sheria ya darasa ni kwamba yeyote anaeandika ubaoni anasema anachoandika. Hata wanaoona wanafaidika, wengi makosa yao wanayakamata wenyewe wakati wanayasema.

Hatua ya 4: michoro. Softiboadi au kipande cha godoro gumu, pini na rababendi, grafu ya mstari imepatikana. Kwa maumbo tumia kile kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani, weka manila juu ya kitambaa kizito, bonyeza, ukigeuza upande wa pili nukta zimeinuka. Angalizo, ukigeuza kushoto inakua kulia, kwaiyo chora kinyume kwanza la sivyo pembetatu yako itamfikia imepinduka na herufi A na B zimebadilishana. Na usijaze vitu vingi kwenye karatasi moja, kidole kinasoma kipande kwa kipande.

Hatua ya 5: kompyuta. NVDA, programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, ni bure, ongeza na MathCAT, programu ndogo ya hesabu, inasoma milinganyo vizuri. Wa sekondari kwenda juu ajifunze LaTeX, namna ya kuandika hesabu kwenye kompyuta, kila kitu kinaandikwa kwenye mstari mmoja kwa herufi za kawaida. Lakini kompyuta isichukue nafasi ya nukta nundu, sauti inapita, nukta zinabaki.

MASWALI YA WADAU

*Mama wa mtoto wa darasa la nne:* Mwalimu mimi niliishia la saba na hesabu sikua naziweza, ntamsaidiaje?

Mama yangu, msomee tu. Kuna Mrusi mmoja Lev Pontryagin, alipofuka akiwa na miaka 14 baada ya jiko la primasi kulipuka, mama yake hakua mtu wa hesabu ila alimsomea vitabu vya hesabu mpaka chuo kikuu, alama asizozijua akawa anazielezea zilivyo, mikia juu, mikia chini, na mtoto akawa mwanahisabati mkubwa duniani. Wewe eleza unachokiona, kuelewa atamalizia yeye.

*Mwalimu, Singida:* Nina mwanafunzi mwenye ualbino, anaona kidogo. Nae nimuanzishie nukta nundu?

Kama anasoma maandishi makubwa msimlazimishe. Andika kwa maka nyeusi nene, mpe karatasi yenye mistari mizito, mkalishe mbele dirisha likiwa mgongoni kwake, na mruhusu asimame aende mpaka ubaoni bila kuomba. Ila akichoka macho haraka au uoni unapungua, muanzishie nukta nundu taratibu.

*Mdau:* We huoni, madaftari unasahihishaje? Hawakudanganyi?

Napitisha njia sio jibu tu. Hatua za kila mtoto nasomewa na mimi mpango wa somo na majibu ninayo kwenye nukta nundu chini ya mkono wa kushoto, afu anaesoma daftari sio mwenye daftari. Mitihani ya muhula nakaa na mwenzangu anaeona, yeye anasoma mimi natoa maksi.

*Mzazi, Tabora:* Mtihani wa taifa muda unamtosha kweli?

Ana haki ya muda wa ziada, kwa hesabu ni dakika 20 kwa kila saa na masomo mengine dakika 10. Mkumbushe mwalimu mkuu mapema wakati wa usajili kwamba mtoto haoni, na majaribio yote ya shuleni mpeni muda huo huo ili auzoee.