Kusimamia Huduma za Afya ya Akili kwa Kiashiria Kimoja cha Ubora

Msimamizi anayeanza na viashiria ishirini kwa kawaida huishia kujaza fomu, ndiyo maana mwongozo huu unafuata kimoja tu: kati ya wagonjwa walioruhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili, ni wangapi walionwa na mhudumu ndani ya siku 7? Muda huo una sababu, kwani hatari ya mgonjwa kujiua huwa kubwa mno katika siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini.

Hatua ya kwanza, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuamua nani anahesabiwa. Aliyeruhusiwa mara mbili katika mwezi mmoja ahesabiwe mara mbili, kwa kuwa kila anapotoka hatari huanza upya. Aliyehamishiwa wodi nyingine hahesabiwi, maana bado amelazwa. Aliyetoroka wengi humwondoa. Mimi humbakiza, kwa sababu ndiye anayestahili kutafutwa kabla ya wengine, hata kama ataharibu hesabu. Andika pia maana ya "kuonwa": simu iliyopokewa na ndugu wa mgonjwa haitoshi.

Hatua ya pili, linganisha rejista ya wodi na ya kliniki kwa miezi mitatu iliyopita, kisha fungua mafaili 20 na uhakiki kwa mkono.

Hatua ya tatu, chora matokeo mwezi kwa mwezi. Katika wodi inayoruhusu wagonjwa 10 kwa mwezi, mgonjwa mmoja akikosekana kiwango hushuka kutoka asilimia 80 hadi 70. Kwa hiyo usimsifu wala kumkaripia mtu kwa mwezi mmoja, bali subiri hadi alama kama 8 mfululizo zikae upande mmoja wa mstari wa kati, yaani ule unaoonyesha kiwango cha katikati cha miezi yote. Hata hivyo, aliyekosekana atafutwe wiki hiyohiyo, bila kungoja chati.

Hatua ya nne, fuatilia sambamba na kiashiria hicho idadi ya wanaolazwa tena ndani ya siku 30, ukikumbuka kwamba idadi hiyo hupungua pia pale wagonjwa wanaporudishwa nyumbani bila kulazwa kwa kukosa vitanda.

Hatua ya mwisho, kabla ya kikao cha kwanza, andika nani atafanya nini kiwango kikishuka: kwa mfano, muuguzi wa zamu asimruhusu mgonjwa kuondoka bila tarehe ya kliniki na jina la atakayempokea. Usikifunge kiashiria na posho wala adhabu, la sivyo ile simu ya ndugu itaanza kuandikwa kuwa mgonjwa ameonwa.