Dar hadi Moshi kwa basi na watoto wadogo: ukiliweza tumbo umeiweza safari

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia ndo muda ule familia nyingi za Dar zinaanza kupiga hesabu za kupeleka watoto kwa bibi, na kwa wengi wetu kwa bibi ni Kilimanjaro. Disemba wanaenda wote na mji unabaki mweupe, ila kwa wenye watoto chini ya miaka sita mimi nashauri Juni au Julai. Tiketi zinapatikana bila kugombana, barabara haina vurugu za sikukuu, na mtoto anawakuta babu na bibi wenye nafasi naye badala ya ukoo mzima uliojazana sebuleni. Njia ni kama kilomita 560, basi la saa 12 asubuhi mnafika saa 9 alasiri, mkichelewa saa 10, na hapo katikati ndo pana kazi. Kelele, usingizi, kuulizwa tumefika kila baada ya dakika tano, vyote hivyo vinavumilika kama tumbo la mtoto limetulia, likichafuka hata uwe umebeba midoli ya duka zima haisaidii kitu.

Basi lenyewe chagua la asubuhi. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku na wazazi wengi wanaona afadhali watoto watalala njia nzima, sawa, watalala, ila wewe hutalala, na mtoto akianza kutapika saa 8 usiku maeneo ya Mkata kwenye giza huoni hata amechafua nini, msalani hakuendeki, na mkifika Moshi alfajiri na baridi ile ya Julai mtoto ana jasho la kwenye basi, hapo kikohozi umekikaribisha mwenyewe. Mchana unamuona, unamjua anavyobadilika rangi, unawahi.

Siti omba za mbele au katikati, kamwe usikubali za nyuma ya tairi la nyuma hata kama konda anakwambia "mama hizi ndo zina nafasi", kule nyuma kunarushwa sana na ndo kunakotapikiwa zaidi. Upande omba wa kulia. Kutoka Chalinze kupanda kaskazini jua la asubuhi litawapiga kulia kweli lakini lile bado dogo na pazia lipo, mchana likishakuwa kali linahamia kushoto. Halafu cha maana zaidi, vyote vya kumuonyesha mtoto viko kulia: milima ya Usambara ikianza Korogwe mpaka Mombo, ikifuata ya Pare kuanzia Hedaru, Same, Mwanga, na mkishaiacha Himo mlima Kilimanjaro nao uko huko huko, mawingu yakikubali. Mtoto wa miaka mitatu kwenda juu mlipie siti yake. Najua inauma, lakini kumpakata masaa tisa kilo kumi na tano mapajani mtafika mmenuniana wote wawili, na akilala unamlaza wapi sasa.

Kutapika. Ubongo unapata taarifa mbili zinazogongana, sikio la ndani linasema tunatembea na macho yaliyoganda kwenye simu yanasema tumetulia, basi mwili unachanganyikiwa na tumbo ndo linalipa. Walio chini ya miaka 2 huwa hakuwasumbui sana, shida inaanza baada ya hapo na inaendelea mpaka kwenye 12 hivi. Kwa hiyo ile katuni uliyojaza kwenye simu ndo adui wa kwanza, itunze kwa ajili ya mnaposimama au basi likikwama kwenye foleni ya Kibaha. Basi likitembea mtoto aangalie mbali, nje, na apate kazi ya kuangalia, ahesabu malori, atafute ng'ombe, aone nani wa kwanza kuliona daraja la Wami, na mkifika kwenye mashamba ya mkonge pale Korogwe mwambie atazame ile mistari inavyopita, inamshika kweli kweli. Hewa nayo, kama lina AC elekeza kidogo usoni, kama halina fungua kioo hata vidole viwili, abiria wa nyuma akilalamika mwambie kwa upole kabisa kwamba chaguo ni upepo au matapishi, atakuelewa.

Dawa za kichefuchefu watu wanapeana tu kiholela. Ile promethazine ambayo wengi wanaijua, aliye chini ya miaka 2 hapewi kabisa maana inaweza kumzuia kupumua vizuri, na mkubwa zaidi ya hapo uliza mfamasia dozi kwa uzito wake, usikate kidonge kwa jicho. Na kama unampa kwa mara ya kwanza basi muone daktari au mfamasia siku kadhaa kabla, sio stendi saa 11 alfajiri.

Chakula cha jioni kabla ya safari kiwe kile alichozoea. Usiku ule sio wa chipsi kuku za kuagana. Asubuhi asipande na njaa, tumbo tupu nalo linatapika, mpe kitu kikavu kidogo, mkate usio na siagi, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati nusu, na chai ya rangi au maji. Maziwa mengi, juisi ya embe, mayai ya kukaanga, hivyo viache. Mtoto wa kunyonya anyonye kama kawaida na mara nyingi zaidi, ndo dawa ya kila kitu huyo, na kama anatumia maziwa ya kopo beba maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga umeupima pembeni, unachanganya pale pale anapotaka kunywa, sio unachanganya Mbezi anakuja kunywa Same.

Njiani mlishe kidogo kidogo. Kila baada ya saa moja au moja na nusu kitu kidogo na mafunda mawili ya maji, ni bora kuliko kumshindilia sahani ya wali nyama pale mnaposimama kula. Beba ndizi mbivu, biskuti zisizo na krimu, chapati kavu, tambi za dengu kidogo kwa mkubwa. Yai la kuchemsha msibebe jamani, harufu yake ndani ya basi lililofungwa vioo inamtapisha hata asiyekuwa na mpango. Halafu zile korosho na karanga za dirishani pale Chalinze ni tamu, kula wewe, mtoto chini ya miaka 5 asipewe karanga wala korosho nzima nzima, basi linaruka kidogo tu imeshamwingia kwenye njia ya hewa na hapo uko katikati ya pori. Machungwa ya Korogwe sina ugomvi nayo, ila nunua mazima, yaoshe kwa maji yako ya chupa umenye kwa kisu chako. Mishikaki ya stendi mpaka siku nyingine.

Begi la kushika mkononi, lile ambalo haliingii kwenye buti hata konda akikulazimisha, liwe na nguo mbili za kubadilisha za mtoto na blauzi au tisheti moja ya KWAKO, watu wote wanasahau hii, mtoto anatapika kifuani kwa mama halafu mama ndo anakaa na harufu kuanzia Segera. Pampasi kadhaa zaidi ya unavyodhani, tishu za maji, taulo, kanga mbili maana kanga ni shuka, ni pazia, ni mbeleko na ni kitaulo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo ule ustaarabu wa zamani wa kumtapishia mtoto kwenye rambo umekufa, badala yake chukua kopo tupu la aiskrimu lenye mfuniko, la lita mbili, weka tishu chache chini. Anatapika, unafunika, harufu haitoki, mkisimama unamwaga na kusuuza. Nimeona abiria wa jirani wanaliazima.

Mbezi pale kituo cha Magufuli fikeni mapema, saa nzima kabla. Kituo ni kikubwa toka kilipofunguliwa 2021 na kutoka getini mpaka lilipo basi ni mwendo, ukiwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi na wapiga debe wanakuvuta begi ni rahisi kupoteana, kwa hiyo mkubwa aliyeanza kuongea mfundishe namba yako ya simu kwa kuimba, na asiyeweza mwandikie namba kwa kalamu kwenye mkono. Mzigo ukiingia buti hakikisha umepewa namba yake. Kisha kabla basi halijawaka kila mtu chooni, anayetaka na asiyetaka.

Habari ya kuchimba dawa sasa. Basi lina ratiba yake na mtoto ana ratiba yake na haziwahi kukutana. Wakati unapanda msalimie dereva na konda vizuri, mwambie konda kabisa "kaka, nina wadogo hawa, nikikuita usinikatalie", ukishatanguliza hivyo wengi wanasaidia, ukija kupiga kelele mko mwendo kasi na kibao cha 50 kimeshapita inakuwa ugomvi. Mnaposimama kula, sehemu nyingi ni maeneo ya Korogwe kwenye saa 5 hivi au saa 6, muda wanaokupa ni mfupi, dakika ishirini na konda anahesabu kumi na tano, kwa hiyo choo kwanza, chakula baadaye. Baba au mama mmoja akimbilie foleni ya chakula mwingine choo. Kwa mtoto aliyeacha pampasi karibuni mvalishe tu pampasi siku hiyo, hajarudi nyuma kimalezi, ni safari, mkifika mnaendelea mlipoishia. Na usimnyime maji eti asikojoe, kipande cha Mkomazi mpaka Same kina joto kavu, mtoto anakauka huku anacheza.

Wenye gari binafsi nyie mna uhuru wa kusimama popote, utumieni, kila masaa mawili teremkeni watoto wakimbie. Ila yule mtoto anayepakatwa siti ya mbele mhamisheni nyuma, ule mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi ukifumuka na mtoto yuko pale unamuua yeye kwanza. Kama hamna kiti cha mtoto tafuteni hata cha kuazima.

Wanaokwenda Marangu na Rombo wanashuka Himo, msipitilize mpaka Moshi mjini halafu mrudi na watoto wamechoka. Na kabla ya kushuka, masweta. Watoto wa Dar hawajui baridi, Moshi mjini Juni ni baridi ya kawaida lakini ukipanda Machame, Kibosho, Marangu kuna ukungu asubuhi na manyunyu, mtoto anahitaji soksi, kofia na sweta la kulalia. Wavalishe mkiwa ndani ya basi bado.

Mkifika kazi haijaisha maana sasa tumbo linaingia mikononi mwa bibi. Bibi anapenda kwa kulisha. Siku ya kwanza muombe mtori, ule wa ndizi laini na mchuzi wa nyama, hakuna chakula kinachomfaa mtoto aliyetoka safari kuliko huo, na machalari, zile ndizi za kupika na nyama, yasubiri kesho. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yachemshwe mpaka yapande, hata bibi akisema nyie wote mmekua kwa mabichi, mjibu "ndiyo mama" halafu nenda kachemshe. Asali kwa aliye chini ya mwaka mmoja hapana kabisa. Na babu akianza kumlambisha mjukuu mbege, ile pombe ya ndizi, kwenye kidole kwa utani, huo utani ukatishe kwa heshima siku ya kwanza ile ile, ukiuchekea unakuwa utaratibu. Jikoni kwa kuni watoto wasiingie wenyewe, mafiga yanaonekana yamezimika kumbe majivu bado yana moto.

Akiharisha, na wengi wanaharisha kidogo wakibadilisha maji, usikimbilie dawa za kufunga tumbo wala antibayotiki za dukani. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, isiyoisha ndani ya masaa 24 mwaga tengeneza nyingine, mpe kijiko kijiko. Pamoja nayo vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata siku ya tatu. Aendelee kula na kunyonya. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, hajakojoa muda mrefu, ana damu kwenye choo, anatapika kila kitu au amelegea, usisubiri asubuhi, nenda kituo cha afya, kadi ya kliniki na ya bima ziwe ndani ya lile lile begi la mkononi.

Kurudi ni njia ile ile ila jua linageuka, likitoka asubuhi linawapiga kushoto mpaka Korogwe, kwa hiyo safari hii pia kaa kulia, milima mtakuwa mmeshaiona ya kutosha. Parachichi na ndizi za bibi zifungeni kwenye boksi zikiwa bado ngumu ziende kwenye buti. Bibi akileta kuku wa kwenye kapu mpokee, mshukuru, mwambie shangazi amtunze mpaka Disemba.