Namna ya Kuandaa Kipindi cha Kila Wiki cha Muziki wa Dunia Redioni

Kipindi cha muziki wa dunia kinachopiga nyimbo za nchi 12 ndani ya saa moja, kila nchi wimbo wake, humwachia msikilizaji rundo la majina na hakuna hata sauti moja anayoweza kuikumbuka kesho yake. Kwa hiyo, kabla hata ya kutafuta nyimbo, amua ni njia gani moja utakayoifuata wiki hiyo, njia ambayo muziki ulisafiri kweli, ili kila wimbo uwe na sababu ya kuufuata ule uliotangulia.

Njia ya Kuba na Kongo inafaa sana kuanzia. Kuanzia mwaka 1933, santuri za mfululizo ulioitwa GV, nyingi zikiwa za wanamuziki wa Kuba, zilianza kuuzwa Afrika, na zilipofika Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville wanamuziki wa huko walisikia ndani yake midundo isiyokuwa migeni kwao, kwa kuwa sehemu yake ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa Kuba utumwani. Wakaipiga upya, wakaimba kwa Kilingala, na kazi iliyokuwa ya piano wakaipa gitaa. Ukitaka msikilizaji alisikie jambo hili mwenyewe badala ya kulipokea kwa maneno yako, fungua kwa son, aina ya muziki wa dansi wa Kuba, na umwombe afuate vijiti viwili vya klave, ambavyo hugonga mapigo matano yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Kisha, bila maelezo mengine, piga rumba ya Kongo ya miaka ya 1950 na umwache aitafute ile mizunguko ya piano katika nyuzi za gitaa. Nyimbo mbili zilizopangwa hivyo hufundisha kuliko hotuba ya robo saa.

Hazina za kutafutia muziki wa namna hii zipo, na zilizo bora ni zile zinazotoa maelezo pamoja na sauti. Folkways, kampuni ya santuri ya Marekani iliyoanzishwa na Moses Asch mwaka 1948 na kuchukuliwa na taasisi ya makumbusho ya Smithsonian mwaka 1987, ina albamu zaidi ya 2,000, na vijitabu vyake hueleza nani anaimba, wapi, na kwa shughuli gani. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Hugh Tracey nchini Afrika Kusini mwaka 1954, imehifadhi rekodi za sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Kwa muziki mpya, fuata World Music Charts Europe, orodha ya kila mwezi ambayo tangu mwaka 1991 hupigiwa kura na watangazaji wa redio wenyewe. Isome kama pendekezo la wenzako wa kazi, na usiigeuze kuwa ratiba yako, maana kipindi kinachonakili orodha hakina masikio yake chenyewe.

Sikiliza albamu nzima kabla ya kuchagua, na uandike sauti ya mwimbaji inaingia sekunde ya ngapi na wimbo unaisha vipi. Katika saa moja, nyimbo kumi za wastani wa dakika nne na nusu zinakuachia dakika 15 za kuzungumza, nazo zinatosha kabisa. Hesabu hiyo haifai, hata hivyo, kwa muziki unaohitaji muda. Raga ya India Kaskazini, muziki unaojengwa juu ya mpangilio maalumu wa sauti, hufunguliwa na alap, sehemu isiyo na ngoma, ambamo mwimbaji au mpiga sitar (ala ya nyuzi) huzitambulisha sauti za raga moja baada ya nyingine, taratibu, kabla ya tabla, ngoma mbili za kupigwa kwa mikono, kuingia. Mtayarishaji anayeikata alap ili awahi tabla amemnyima msikilizaji ufunguo wa yote yanayofuata. Ni afadhali kuipa raga moja nusu saa nzima, na nyimbo nyingine zisubiri wiki ijayo.

Unapozungumza, taja jina la msanii na la wimbo kabla ya kuupiga na ulirudie baada ya kwisha, kwa sababu wapo wanaofungua redio katikati. Matamshi ya majina yaulize kwa mtu anayeijua lugha hiyo, na vivyo hivyo maana ya mashairi, kwani wimbo wa msiba ukitangazwa kama wa harusi, anayeumia ni yule mwenye lugha yake. Jambo moja la kweli kuhusu kila wimbo linatosha. Usizungumze huku mwimbaji akiimba.

Rekodi za zamani na zile zilizofanywa nje ya studio huwa na sauti ya chini kuliko za studio, hivyo zisawazishe mapema kwa kusikiliza kwenye spika ndogo, ambayo ndiyo wasikilizaji wengi wanayo. Jaza pia fomu ya nyimbo zilizopigwa: jina la wimbo, mtunzi, msanii, kampuni iliyorekodi na muda, kwa kuwa mrabaha wa watunzi hugawanywa kwa kufuata fomu hizo. Fahamu kwamba kibali cha kurusha hewani mara nyingi hakiruhusu kuweka kipindi kwenye intaneti kisikilizwe baadaye, kwa hiyo uliza kwanza. Nakala ya fomu ibaki studio, ili msikilizaji akipiga simu wiki kadhaa baadaye kuulizia wimbo aliousikia, hata mtangazaji mwingine aweze kumjibu.