Jedwali moja kwa maradhi matatu ya mama

Mama ana kisukari, presha na moyo uliochoka. Kila ugonjwa una kliniki yake, daktari wake na kadi yake. Nilipoamua simu inisaidie, nilipakua programu tatu, kila ugonjwa na yake. Wiki mbili baadaye zote zilikuwa zinalia kengele na hakuna aliyezijali, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikazifuta. Sasa tuna jedwali moja la kawaida kwenye simu, na dada yangu analiona kwenye yake. Ukitaka kuanza leo, anza na hilo: tarehe na saa, presha, mapigo, sukari, uzito, na safu ya mwisho ambayo mimi nimeiita "neno". Hiyo ya mwisho usiiache, hata kama utaacha nyingine. Mstari mmoja wa kwetu ulisomeka hivi: "Jumanne, saa 1 asubuhi. 148/86. Mapigo 62. Sukari 9.4. Uzito 71.9. Goti limemsumbua tangu Jumamosi, anameza diklofenaki aliyopewa na jirani. Viatu vinambana."

Jumamosi ile alikuwa na kilo 69.8. Kilo mbili ndani ya siku tatu, kwa mtu mwenye moyo dhaifu, si kunenepa, ni maji. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na huzielemea figo. Niliipigia kliniki ya moyo nikawasomea mistari minne. Wakasema aache dawa ile na aletwe siku hiyo hiyo. Programu ya sukari ingeona nini hapo? Isingeona kitu.

Jedwali ni zuri kwa kadiri namba zilivyo za kweli, kwa hiyo pima vizuri. Presha: akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya nguo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Mama ni msimuliaji, na akianza hadithi mashine ikiwa inajaza upepo, namba inapaa. Siku hizi naweka kidole mdomoni kabla sijabonyeza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hudanganya kwa kupandisha. Wiki moja kabla ya kliniki tunapima asubuhi na jioni, tunatupa siku ya kwanza, tunachukua wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 tayari huhesabiwa kuwa juu, ingawa kiwango anachotakiwa kufikia mgonjwa wako utaambiwa na daktari wake.

Uzito ni asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, mzani ule ule. Basi.

Kwenye sukari, angalia kipimo kinasoma kwa vizio gani. Cha zamani kilisoma 126, tukanunua kipya kikasoma 7.0, na mama akatangaza kwamba amepona. Ni sukari ile ile: mg/dL ukigawanya kwa 18 unapata mmol/L. Na anawe mikono kwanza, maana utamu wa tunda uliobaki kidoleni husomwa kama sukari ya damu.

Kuna jambo nililochelewa kulijua. Mama anameza bisoprolol kwa ajili ya moyo. Dawa za kundi hilo huweza kuficha mapigo ya mbio ambayo kwa kawaida humshtua mtu sukari inaposhuka, jasho hubaki. Kwa hiyo tumeandika juu kabisa ya jedwali: "Jasho bila sababu, pima." Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na bado anameza vizuri, anapewa kitu cha sukari cha haraka, tunapima tena baada ya dakika 15.

Kengele za dawa ziwe chache. Sisi tuna mbili, na kila moja nimeipa jina la kazi yake: "Meza vya asubuhi", "Meza vya usiku". Picha za pakiti zote ziko kwenye albamu moja, jina la dawa yenyewe likionekana. Anayetaka kumwandikia dawa mpya, au kumuuzia, anaonyeshwa albamu kwanza. Kuna daktari mmoja aliyekunja uso. Akazitazama hata hivyo.

Nani aone jedwali? Muulize mwenye mwili. Mama alimkataa kaka yangu, kwa sababu kila namba ikipanda kidogo anapiga simu kumfokea, na presha inapanda zaidi. Weka pia nywila.

Kliniki usimkabidhi daktari simu aanze kuperuzi. Ninampa karatasi moja: wastani wa wiki, uzito wa kwanza na wa mwisho, na maneno mawili matatu kutoka safu ya "neno".

Kifua kikimbana, au akishindwa kupumua akiwa amelala, jedwali halifunguliwi. Naita msaada wa dharura, nachukua albamu ya dawa, tunaondoka.